Keki ya miaka 20 kazini ni sawa, lakini mmehesabu nani?

Kampuni nyingi hapa Nairobi sahii zinasherehekea wafanyakazi waliokaa, miaka 10, 15, 20, unaona picha kwa grupu ya WhatsApp ya ofisi, keki, cheti kwa fremu, bosi amesimama katikati, halafu watu wanaanza kubishana: kuna wanaosema hiyo ni heshima na kuna wanaosema si mngempa tu pesa aende nayo nyumbani.

Wa pesa hawajakosea. Mtu analipa nyumba Pipeline, ana watoto wawili sekondari, mshahara umesonga kidogo tu miaka yote hiyo, sasa ukimpa saa ya ukutani yenye nembo ya kampuni aipeleke wapi? Na mbaya zaidi ni pale kijana ameajiriwa juzi na tayari mshahara wake umempita yule mzee anayemfundisha kazi, hapo sherehe inauma kabisa. Lakini bonasi nayo inapita kwa pesilipu, inakatwa kodi, inayobaki inaisha kabla ya katikati ya mwezi. Zawadi ya kitu haikatwi kodi kama marupurupu ya aina hiyo hayajapita shilingi 60,000 kwa mwaka (ilikuwa 36,000 mpaka mwisho wa 2024), kwa hivo tanki la maji alilochagua mwenyewe linaweza kumfaa kuliko pesa.

Kitu watu wanasahau ni likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema isipungue siku 21 za kazi kwa mwaka, na aliyemaliza mwaka mmoja na aliyemaliza 30 wote ni hizo hizo 21. Hakuna aliyemkataza mwajiri kuongeza. Mpe wa miaka 20 siku tano zaidi, zenye malipo, kila mwaka, aende Mwingi apande mvua ikianza bila kuomba ruhusa kwa woga. Mimi hiyo ningeichukua mbele ya cheti chochote.

Maneno pia yana uzito, ila si zile hotuba za "mfanyakazi mwenye bidii na nidhamu" ambazo unaweza kumsomea yeyote. Storekipa wa miaka 25 kwa godauni ya Industrial Area anajua kila spea iko rafu gani na ni ya mashine gani, fundi akikwama usiku ni yeye anapigiwa simu. Sema hilo mbele ya hao mafundi, na usiliseme Ijumaa saa kumi wakati watu wa shifti ya usiku bado wamelala.

Wapo wanaosema kukaa sana si kufanya kazi, wengine wamekaa tu manake hawana pa kwenda. Ni kweli kwa wachache.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni nani anahesabiwa. Ofisi nyingi usafi na ulinzi zimepewa kampuni za nje, tenda ikiisha inaingia kampuni ingine, mara nyingi inachukua watu walewale, inawapa yunifomu ya rangi tofauti na miaka inaanza sifuri. Vibarua wa viwandani nao wanasimamishwa kidogo halafu wanarudishwa, hesabu inakatika, na kifungu cha 37 cha hiyo Sheria ya Ajira kinasema kibarua akifikisha kama mwezi mmoja wa kazi mfululizo ahesabiwe ni wa kulipwa kwa mwezi. Miaka hiyo ina bei, manake kazi ikipunguzwa unafaa kulipwa angalau siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza, kwa hivo anayefutiwa miaka amefutiwa pesa.

Kampuni inayotaka kusherehekea kwa ukweli ianzie kwa tenda, iandike kwamba mkandarasi mpya atachukua wafanyakazi pamoja na miaka yao. Halafu yule mama anayepiga deki ghorofa ya nne tangu jengo lifunguliwe aitwe keki ikikatwa, asingoje kuitwa imeisha aje kufagia makombo.