Vueni Hiyo Nailoni

Juzi jirani aliniita nimtazamie mti wake. Ni Trachycarpus fortunei, mti wa jamii ya mitende unaohimili baridi, uliofika kiunoni, na alikuwa ameufunga nailoni tangu miti mingine ianze kupukutisha majani. Mizunguko minne, na utepe juu yake, kama mzigo wa kusafirishwa kwa meli. Alipoifungua, harufu ilitufikia kabla macho hayajaona kitu: ile ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo wiki tatu. Nikashika kuti changa la katikati, nikavuta kidogo tu. Likachomoka kama kisu alani, chini kahawia, linateleza.

"Baridi imeuua," akasema.

Baridi! Robert Fortune, mtafuta mimea wa Uskoti ambaye mti umepewa jina lake, alipeleka miche hii Uingereza mwaka 1849, na mingine ikafika bustani ya mimea ya Kew, London. Wakati huo nailoni ilikuwa haijazaliwa. Mti wenyewe asili yake ni China, na ukishakomaa na kukita mizizi huhimili nyuzi kama 15 chini ya sifuri. Usiku ule uliokuwa mbaya kuliko yote hapa mtaani haukufika hata nusu ya hapo.

Minazi hii (si minazi, najua, tuache ubishi) ina moyo mmoja. Mwembe ukikatwa kichwa utachipua ubavuni. Huu shina lake ni moja na kilele chake ni kimoja, basi. Kikioza hicho, umebaki na nguzo. Na kinachokiozesha mara nyingi ni maji. Yanatuama kati ya makuti machanga, usiku yanaganda, mchana yanayeyuka, kesho tena, mpaka tishu zinachanika na kuvu wanapata mlango. Sasa wewe unakuja na nailoni kuufungia unyevu ndani! Mvuke wa mti na wa udongo unageuka matone, matone yanatiririka hadi kwenye moyo, na upepo ambao ungekausha umeuzuia kwa mikono yako mwenyewe, kwa upendo. Tazama shina lake lilivyovishwa kilifu. Limekuja na koti.

Haya, nakubali, ingawa shingo upande: kuna usiku wa kuufunga. Mche mchanga ni mchanga, na ulio kwenye chungu mizizi yake hupigwa baridi kutoka kila upande. Funga basi, lakini kwa kitambaa kinachopumua, na baridi kali ikipita, fungua. Nimesema fungua. Si "nitafungua wiki ijayo".

Udongo unaotuamisha maji kama beseni nao ni kaburi. Panda kwenye mwinuko. Upepo huchana makuti ya fortunei hadi yakaonekana kama bendera kuukuu, ila hilo ni suala la urembo. Wanaokata makuti mabichi ili shina "lipendeze" sina la kuwaambia. Na wanaokimbilia Rhapidophyllum hystrix, jamaa yake mfupi wa kusini mashariki mwa Marekani, kwa sababu inahimili baridi kuliko zote, wamesoma namba moja wakaacha nyingine: inataka kiangazi chenye joto la kweli, la sivyo inakaa tu hapo, miaka inapita, inakutazama.

Wangu mimi uliwahi kubaki bila kuti hata moja la kijani. Kila aliyepita alinishauri niung'oe. Nilichofanya ni kuvuta kilele taratibu, hakikutoka. Nikachukua kalamu ya wino usiofutika, nikachora mstari mmoja ukivuka kuti la katikati na bua la kuti la jirani yake. Kilele kikikua, mstari unakatika. Nikangoja. Mwezi wa tano mstari haujakatika. Wa sita haujakatika, na hapo nilikuwa nakwenda kuutazama asubuhi kabla ya kunawa uso. Katikati ya mwezi wa saba nusu moja ya mstari ilikuwa imepanda juu ya mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Nilipiga ukelele hadi mbwa wa ng'ambo akaanza kubweka.

Nilimwambia jirani haya yote. Nikamwambia pia ausafishe moyo, auache ukauke, asubiri kiangazi, maana sehemu ya chini ikiwa ngumu bado kuna tumaini. Akaitikia kwa kichwa. Jioni nikasikia jembe. Shimo lilikuwa wazi siku mbili tu. Leo kuna mti mwingine pale, na kando yake, bado kwenye karatasi yake, nailoni mpya.