Alama za Kale za Reli Marekani: Kipi Kiondoke, Kipi Kihifadhiwe?

Alama za kale zilizokuwa zikiwaonya madereva wa Marekani kwenye makutano ya reli na barabara zimeadimika kiasi kwamba mtu anaweza kuvuka jimbo zima asikutane na hata moja. Zilikuwa za namna nyingi: misalaba ya mbao mbili zilizopishana kama herufi X na kupakwa rangi nyeupe, vibao vizito vya chuma cha kusubu, herufi zilizopangwa kwa vifungo vya kioo ili ziakisi taa za magari usiku, na, iliyopendwa kuliko zote, wigwagi, yaani sahani ya chuma iliyobembea huku na huku kila treni ilipokaribia. Wanaosikitikia kupotea kwake husema kwamba nchi inajifuta sura kwa mikono yake, nao wahandisi wa usalama hujibu kwamba alama ya barabarani haikuwekwa iwe pambo. Kila upande una hoja, lakini mara nyingi pande hizi mbili hazizungumzii kitu kimoja, kwa sababu wigwagi ni mashine na msalaba wa mbao ni kibao tu.

Wigwagi ilibuniwa mwaka 1909 na Albert Hunt, mhandisi wa kampuni ya reli ya Pacific Electric kusini mwa California, wakati magari yalipoanza kuongezeka na haikuwezekana tena kumweka mlinzi mwenye taa nyekundu katika kila makutano. Mashine yake ilimwiga mlinzi huyo. Sumaku za umeme zilivuta kipande cha chuma kwa zamu, upande huu kisha upande ule, sahani yenye taa nyekundu katikati ikabembea, na kengele ikalia. Dereva hakuhitaji kusoma neno lolote ili aelewe kwamba anaambiwa asimame. Ni kifaa cha akili, tena kinapendeza kukitazama, na sioni ajabu kwamba wapo watu waliosafiri mbali ili kukiona kikifanya kazi.

Hata hivyo, kina kasoro ambayo mapenzi hayawezi kuifunika. Sahani ya Hunt ikikosa umeme huning'inia kimya, na dereva huona kile kile anachokiona wakati njia ni salama. Geti la kisasa limeundwa kwa fikra iliyo kinyume: umeme ukikatika betri inashika kazi, na betri nayo ikiisha, mkono wa geti hushuka kwa uzito wake wenyewe na kuifunga barabara. Isitoshe, utengenezaji wa wigwagi ulikoma baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na baada ya vipuri kuadimika, mafundi walilazimika kuivunja moja ili kuitengeneza nyingine. Kifaa kinachosimama kati ya familia iliyo ndani ya gari na treni ya mizigo hakipaswi kutegemea vipuri vya kuokoteza. Kwa hiyo katika njia zinazotumika, nakubaliana na wahandisi bila kusita.

Takwimu pia ziko upande wao, ingawa zinahitaji kusomwa kwa makini. Mnamo 1972 ajali za treni na magari kwenye makutano ya Marekani zilikuwa takriban 12,000 kwa mwaka, na siku hizi ni kama 2,000 hivi, ilhali magari yameongezeka sana. Sheria ya Usalama wa Barabara Kuu ya 1973 ndiyo iliyofungua mfuko wa serikali kuu wa kuboresha makutano hayo. Lakini kilichopunguza ajali ni taa zinazomweka, mageti, elimu kwa madereva, na kufungwa kabisa kwa makutano mengi yasiyo ya lazima. Kuuondoa msalaba wa mbao na kuweka msalaba wa aluminiamu hakuwezi kudai sehemu kubwa ya sifa hiyo. Ni kweli kwamba karatasi inayoakisi mwanga, inayobandikwa kwenye vibao vipya, huonekana usiku kutoka mbali kuliko rangi iliyochakaa, na faida hiyo si ndogo pale treni zinapopita gizani. Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa kwamba madereva wengi hawakujua msalaba huo unawataka wafanye nini. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilipochunguza makutano yasiyo na taa wala geti mwaka 1998, ilipendekeza yawekewe alama ya kusimama, na mwongozo wa kitaifa wa alama za barabarani wa 2009 ukaagiza kwamba kufikia mwisho wa 2019 kila msalaba wa namna hiyo uambatane na alama ya kusimama au ya kupisha. Hakuna sehemu ya sababu hiyo iliyohitaji nguzo ya zamani iende kuyeyushwa.

Ziko pia sababu ambazo hazitajwi sana hadharani. Mwaka 1927 Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu aliandika kwamba dereva asiyeona vizuri relini huenda akalazimika kusimama na hata kushuka garini ili atazame, na ingawa Jaji Benjamin Cardozo aliulegeza msimamo huo mwaka 1934, alama za enzi ile zilizaliwa katika fikra hiyo hiyo, kwamba mzigo wote ni wa anayevuka. Wapenzi wa vya kale wangefaa kulikumbuka hilo kabla ya kuuita wakati huo wa dhahabu. Lakini kampuni za reli nazo hazibadilishi alama kwa ajili ya usalama peke yake. Mwaka 2000, katika kesi ya Shanklin iliyotokea Tennessee, Mahakama ya Juu iliamua kwamba pale alama zilipowekwa kwa fedha za serikali kuu na kuanza kufanya kazi, kampuni haiwezi kushtakiwa chini ya sheria za jimbo kwa madai kwamba alama hizo hazikutosha. Makutano yaliyohusika katika kesi hiyo hayakuwa na taa wala geti, bali misalaba inayoakisi mwanga na vibao vya tahadhari. Kwa maneno mengine, kibao kipya kilicholipiwa na serikali kinailinda kampuni mahakamani, na kibao cha kale ilichokiweka yenyewe hakiilindi.

Halafu kuna alama zilizotoweka bila mtu yeyote kuokolewa. Mtandao wa reli wa Marekani ulifikia kilele mwaka 1916, ukiwa na kilomita 409,000 hivi, na leo umebaki na zaidi kidogo ya nusu yake. Reli iling'olewa, na alama ikaenda na vyuma chakavu. Hapo hoja ya usalama haina nafasi, isipokuwa ile ya kwamba alama inayoonya juu ya treni isiyokuwepo huwazoesha madereva kupuuza alama za kweli.

Hoja hiyo ndiyo inayonifanya nisite kuusifu mwafaka wa Point Richmond, California. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazi walipinga kampuni ya reli ya BNSF kuziondoa wigwagi mbili za mwisho za aina yake, na hatimaye mageti ya kisasa yakawekwa huku zile za kale zikiachwa zimesimama kando, zimezimwa. Wenyeji wana haki ya kufurahi, lakini sahani isiyobembea treni inapopita huweza kumzoesha dereva kuipuuza alama, wala hainipi picha halisi ya kazi ya Hunt. Kwenye jumba la makumbusho ya reli la Perris, kusini mwa California, wigwagi bado zinafanya kazi, na mgeni husikia kengele yake bila maisha ya mtu kuitegemea.

Sheria ya Uhifadhi wa Historia ya Taifa ya 1966 huzitaka idara za serikali kuu zitafakari athari za miradi zinayoigharamia kwa mali za kihistoria, lakini nguzo moja ya makutano ni vigumu kuhesabiwa kuwa mali ya namna hiyo. Basi uamuzi hubaki kwa kampuni. Mradi wa geti jipya tayari huwa na bajeti ya kuing'oa nguzo ya zamani na kuipakia kwenye lori, na sioni udhuru wa lori hilo kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wakati yapo makumbusho yaliyo tayari kuipokea.