Foleni Imehamia Kwenye Simu

Sikukuu ya Idd au siku inayofuata Krismasi, bustani za michezo za Kampala hujaa hadi pa kukanyaga hapana. Kwa hiyo simlaumu mwenye bustani anayetafuta dawa ya foleni. Ninachokataa ni dawa yenyewe: pakua programu, fungua akaunti, subiri namba ya siri, jaza pesa kwenye kadi, chagua saa ya kila mchezo. Tunaiga Marekani, na huko kwenyewe mambo yamekuwa vurugu.

Chukua Disney World, bustani kubwa za michezo huko Florida. Mwaka 1999 walianzisha FastPass, njia ya kukwepa foleni, na wakati ule ilikuwa karatasi tu. Unaingiza tiketi kwenye mashine iliyo karibu na mchezo, inakutolea kikaratasi chenye saa ya kurudi, unakwenda zako kula. Bure. Kuanzia 2013 zikaja bangili za kielektroniki na programu ya simu, na aliyelala kwenye hoteli zao akaweza kupanga michezo siku 60 kabla. Siku 60! Nani anajua leo kama mwanawe siku hiyo ataamka na homa? Mwaka 2021 huduma ya bure ikafutwa, ikaja Genie+, kuanzia dola 15 kwa mtu kwa siku, mbali na kiingilio, na baadhi ya michezo inayogombewa ikalipiwa peke yake. Mwaka 2024 jina likabadilishwa tena, sasa Lightning Lane, na mambo yakarudi kwenye kupanga mapema: wa hotelini siku 7 kabla, wengine siku 3. Nafasi za kupanga zinafunguliwa saa moja asubuhi. Kuna watu kule wanaolipwa kuwapangia wenzao siku ya kucheza. Binamu yangu aliwapeleka wanawe. Katika picha alizonitumia, watoto wanatazama juu, yeye kainamia simu.

Na baada ya hayo yote, viti vya treni ya michezo haviongezeki. Inabeba idadi ileile ya watu kwa saa, programu iwepo isiwepo. Kila kiti anachopewa aliyelipia njia ya mkato, amenyang'anywa aliyesimama juani. Foleni ya kawaida inachosha, lakini aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kupanda, awe waziri au muuza ndizi.

Hapa kwetu niliwahi kuona mlangoni mwa bustani moja, sitaitaja, jajja, yaani bibi, kaja na wajukuu wawili. Kafungua fundo la leso, kavuta noti ya elfu ishirini. Binti wa dirishani akamwambia kwa upole kabisa: "Jajja, hatupokei pesa mkononi. Skani hapa." Simu ya jajja ilikuwa ile ya tochi. Mwishowe mwendesha boda aliyekuwa nje akamlipia kwa simu yake, akapokea ile noti na kukata elfu mbili ya usumbufu. Teknolojia iliyokuja kuondoa bughudha ilikuwa imemwajiri wakala mpya pale getini.

Ajabu ni kwamba simu ileile ya tochi inalipa vizuri tu. Tangu 2009 tunatumiana pesa kwa simu. Kwa mtandao wa MTN unabonyeza *165#, hakuna bando wala akaunti mpya. Programu inataka intaneti, na intaneti tangu Julai 2021 ina ushuru wa asilimia 12.

Kupanga mapema kuna mahali pake. Katika msitu wa Bwindi, kundi moja la sokwe wa milimani (gorila) linatembelewa na watu wanane tu kwa siku, kwa saa moja. Bila kibali cha mapema, utasafiri bure hadi Kisoro. Pale uhaba ni wa kweli. Bembea si sokwe.

Na msongamano si jambo la mzaha. Usiku wa kuamkia 2023, pale Freedom City, jengo la maduka kwenye barabara ya Entebbe, watu wasiopungua tisa walikufa katika msukumano wa kwenda kutazama fataki, wakiwemo watoto. Mwenye bustani akiwa na pesa za teknolojia, anunue kwanza mashine ya kuhesabu wanaoingia, aajiri walinzi wa kutosha, milango yote ya kutokea ikae wazi. Kisha kila mchezo uwe na bango la dakika za kusubiri. Ubao na chaki vinatosha. Na noti ya jajja ipokewe dirishani.