Asiye fiti abaki nyumbani? Tuongee kuhusu kipimo cha kilomita kumi

Ukifuatilia vikundi vya kupanda milima hapa Uganda, hasa hivi vya WhatsApp vinavyopanga safari za wikendi kutoka Kampala, kuna ubishi mmoja hauishi: mtu asiye fiti aje au aachwe? Wengine wameshaamua kabisa, ukitaka kwenda mlima Muhabura au milima ya Rwenzori lazima kwanza ukimbie kilomita kumi kwa muda wanaoutaka wao, ukishindwa endelea na mazoezi tutaonana mwakani. Wengine wanasema hapana, kundi ni kundi, twende wote kwa mwendo wa aliye nyuma.

Hao wa kwanza wanaitwa wenye maringo lakini hoja wanayo. Muhabura ni mita 4,127, watu huupanda na kushuka siku moja, yaani zaidi ya mita 1,500 kwenda juu na zote uzirudie kabla ya jioni. Huku kwetu karibu na ikweta jua linazama kama saa moja jioni, mwezi wowote ule, na giza linaingia haraka. Mmoja akichelewa masaa mawili basi wote mnashuka na tochi kwenye mawe yanayoteleza, na ranja wa hifadhi kama yuko mmoja hawezi kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Mvua ikiwakuta mmesimama mnamsubiri mwenzenu, wale waliotoka jasho zaidi ndio wanaoanza kutetemeka. Kwa Muhabura mimi sina ugomvi na kipimo cha mwendo, hata kama kilomita kumi za lami si sawa na mteremko wa volkano, angalau mtu unajua unachokitafuta.

Shida ni pale kipimo hicho hicho kinapobebwa mpaka Rwenzori na watu wakaamini kwamba aliyepita ni salama na aliyefeli ndiye hatari. Hapo ndipo naona wa mwendo wa pole wanaonewa, tena sana.

Chukua ile njia ya Central Circuit kutoka Nyakalengija. Unalala kambi ya Nyabitaba, unalala John Matte, unalala Bujuku mita 3,962, halafu Elena mita 4,541, kesho yake alfajiri ndio kilele cha Margherita, mita 5,109. Sasa ushauri wa madaktari wa milima ni kwamba ukishapita mita 3,000 usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulikolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne ukae siku moja bila kupanda. Piga hesabu Bujuku mpaka Elena: 579. Imeshazidi, na hapo hakuna aliyeharakisha, ni ratiba ya kawaida tu. Halafu anakuja mkimbiaji wetu, miguu anayo, saa sita mchana ameshafika kambini amekaa anapiga picha, anauliza kwa nini tusiunganishe siku mbili ziwe moja tuokoe hela. Na kikundi kizima kinamsikiliza kwa sababu yeye ndiye aliyeongoza kwenye kipimo!

Ugonjwa wa mlimani, ule wa kichwa kupasuka na kichefuchefu, hauangalii miguu. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea hewa yenye oksijeni kidogo, na mazoezi ya Kololo, Kampala, hayazipunguzi hizo siku. Tena anayeumia anaweza kuwa huyo huyo kijana mwenye nguvu, maana ndiye anayefika juu mapema kabla mwili haujaelewa kinachoendelea. Yule mama anayesimama kila baada ya hatua ishirini anakula karanga, mnayemcheka, huyo anafuata ushauri wa daktari bila kujua. (Na kusema kweli mkimbiaji wa lami ukimvalisha gambuti ukamtumbukiza kwenye tope la kinamasi cha Bigo huko Rwenzori, mbio zake zinabaki Kampala.)

Kuna namba moja ambayo mimi siachi kuifikiria. Utafiti wa kitaifa wa selimundu, sikoseli kama wengi tunavyoiita, uliochapishwa mwaka 2016, ulipima sampuli za watoto karibu laki moja nchi nzima ukakuta asilimia 13.3 wamerithi kwa mzazi mmoja tu, yaani AS. Hao si wagonjwa, wanakua, wanacheza mpira, wanakimbia kilomita kumi na wanapita kipimo chako vizuri tu. Na wengi wao watapanda mlima na kurudi bila tatizo, sitaki kumtisha mtu. Lakini inajulikana kwamba kwenye kimo kikubwa baadhi ya wenye AS hupata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu kwa sababu wengu umekosa damu, na hiyo ni dharura ya kushuka na kwenda hospitali. Asilimia 13 maana yake ni kama mtu mmoja kati ya wanane. Watu kumi na sita kwenye basi la Kasese kuelekea Rwenzori, tarajia wawili, na huenda wenyewe hawajui maana hawajawahi kupima. Kipimo cha damu ni kitu kidogo, ila sijaona kikundi kinachokiulizia, wanaulizia muda wako wa kilomita kumi. Presha je? Pumu je? Dawa unazomeza kila siku? Hakuna anayeuliza, ni stamina, stamina, stamina.

Halafu kuna hili ambalo kwangu ndilo baya zaidi. Mtu aliyepita kwa shida, anayejua kwamba wenzake walikuwa hawamtaki, unadhani akiumwa kichwa atasema? Hasemi. Jioni kambini posho na maharage vinagawiwa, yeye anasukumasukuma na kijiko, anasema nimeshiba, anaingia kwenye sliping begi anageukia ukutani. Waongozaji wazoefu huangalia sahani kabla ya kukuuliza unajisikiaje, kwa sababu mdomo unadanganya. Asubuhi wanaweza kukwambia tembea kwenye mstari, kisigino kikiguse kidole, hatua kumi. Ukiyumba kama mlevi hapo hakuna tena mjadala wala kusubiri, ni kushuka, maana huenda ubongo umeanza kuvimba. Sasa sharti lenu la fitnesi limemfundisha mtu kuficha dalili mpaka afikie huko kwa kuyumba, halafu mnasema lilikuwa la usalama?

Wa upande wa pili nao wasijisifu mapema. Hii ya "twende wote mwendo mmoja" ikisemwa bila mpango ni maneno matamu tu. Mwenye kasi akilazimishwa kutembea pole siku nzima kwenye mvua anapoa, anachoka vibaya, anaanza kununa, na mwenye pole naye anajisukuma kupita uwezo kwa kuona aibu. Kwa hiyo kundi la mchanganyiko linataka mlima unaogawanyika. Sabinyo una vilele vitatu, wa kwanza ukikutosha unaishia hapo huku wenzako wakienda mpaka ule wa tatu ambapo Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana, ila hakikisheni mapema kwamba ranja ni zaidi ya mmoja, bila hivyo kugawanyika hakupo. Elgon nako, watu wanakimbilia njia inayoitwa Sasa kwa sababu ni fupi, kumbe ni kali kuanzia siku ya kwanza, wakati njia ya Piswa ni ndefu zaidi lakini inapanda taratibu. Wapya kabisa wapelekeni Sipi, huko huko Elgon, mtu ajijue kwanza.

Najua jibu litakalokuja: siku moja ya ziada Rwenzori ni pesa, ada ya hifadhi, wapagazi, mpishi, chakula. Ni kweli, na si pesa ndogo. Lakini huwa nashangaa kikundi kinaweza kuchanga fulana za safari zenye majina mgongoni, na siku ya kupumzika Bujuku ikitajwa ghafla kila mtu hana hela. Kama bajeti ni ya siku saba tu, basi semeni tangu mwanzo kwamba Margherita haipo kwenye ratiba, ishieni maziwa ya Kitandara, na huko Kitandara hata huyo mama wa karanga atafika.