Maghorofa mapya ya Upanga: shida sio urefu, ni jua la saa kumi

Kila nikisema haya maghorofa mapya ya Upanga na Kisutu yamesanifiwa vibaya naambiwa napinga maendeleo, eti nataka tubaki na vijumba vya zamani. Hapana jamani. Sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu milioni 4.36, ya 2022 wakafika milioni 5.38, sasa hao milioni nzima walioongezeka tukiwatawanya wote Chanika na Bunju, huko pembezoni mwa jiji, watamalizia maisha kwenye foleni. Kwenda juu ni lazima, na tangu sheria ya 2008 iruhusu mtu kuwa na hati ya fleti yake mwenyewe hata benki inakusikiliza. Hilo nawapa wanaotetea, tena bila kinyongo.

Ila twende kwa shangazi yangu. Ghorofa ya tisa, sebule inaangalia Jangwani, yaani magharibi, ukuta wote kioo toka chini mpaka juu. Fika saa kumi jioni ukute pazia zito limevutwa, taa zinawaka, AC inanguruma. Mchana kweupe, mtu kawasha taa! Kioo ndio kilichouzia ile fleti na ndicho kimefunikwa, halafu kinachofunguka ni kipande kidogo tu pembeni, umeme ukikatika jenereta inabeba lifti na taa za ngazi, huko ndani mnachemka. Na ile AC joto lake inalitemea dirishani kwa jirani, naye inabidi aongeze yake.

Dar iko nyuzi 7 tu kusini ya ikweta, jua la mchana linakaa karibu na utosi, linalopiga ukuta ni la asubuhi na la jioni. Upepo nao tunaujua toka enzi za majahazi, kaskazi Desemba mpaka Machi, halafu kusi. Kwa hiyo upande mrefu wa jengo uangalie kaskazini na kusini, magharibi weka ngazi, lifti, stoo. Tembea tu mjini uone majengo ya zamani, matofali ya matundu kwenye ngazi, roshani ndefu zenye kivuli, hawakuwa na AC wale, ilibidi wafikirie.

Mwenye mjengo atakwambia kiwanja cha mjini ni chembamba na kinafuata barabara, hawezi kukigeuza. Kweli kabisa. Lakini roshani yenye kina au ukuta wa matofali ya matundu mbele ya dirisha havihitaji kugeuza kiwanja, vinahitaji hela, na hela hiyo anatoa yeye wakati umeme wa LUKU wa miaka thelathini atanunua mwingine. Wasanifu wetu wanajua, tatizo ni kwamba mwenye mjengo akishauza, joto sio lake tena. (Chini huku floo za paking na kuta tupu pale palipokuwa na baraza na muuza kahawa, hilo nalo linaniuma.)

Kama unatafuta kununua, dalali atakupeleka asubuhi, sebule ya magharibi ikiwa imepoa, feni haiwaki. Mwambie mrudi saa kumi jioni, AC izimwe, mkae humo nusu saa.