Leseni ya tovuti moja au ya tovuti nyingi: ufunguo ubaki kwa nani?

Programu-jalizi (plugin, yaani programu ndogo za kuongeza uwezo wa tovuti) nyingi za kulipia huuzwa kwa ngazi: tovuti moja, tovuti chache, au tovuti bila kikomo. Wajenzi wengi wa tovuti hugawa bei kwa idadi ya kazi walizonazo, wakaona ngazi ya juu ndiyo nafuu, wakalipia. Mimi ningeanza na swali jingine: kazi ikishakabidhiwa, ufunguo wa leseni, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaoiwasha programu-jalizi na masasisho yake, utakaa kwenye akaunti ya nani?

Wanaotetea leseni kubwa wana hoja. Tovuti iliyojengwa kwa mahitaji maalumu huishi zaidi ya mahali pamoja: kwenye kompyuta ya mjenzi, kwenye seva ya majaribio, kisha kwenye kikoa (anwani ya mtandaoni) chake halisi. Wapo wauzaji wasiohesabu nakala za majaribio, na wapo wanaohesabu kila mahali ufunguo unapowashwa. Kwa hawa wa pili, mwenye leseni ya tovuti moja hufika siku ya kuzindua akaambiwa nafasi imekwisha, kumbe ufunguo bado umeshikwa na seva ya majaribio. Leseni kubwa humwondolea usumbufu huo wote.

Shida yake huja baadaye, na humwangukia mteja. Mjenzi akiacha kulipia, au wakiachana kwa ubaya, masasisho hukatika kwenye tovuti zote zilizotegemea ufunguo ule. Tovuti huendelea kufunguka kama kawaida, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Siku udhaifu wa kiusalama ukitangazwa na marekebisho yakatolewa, tovuti ya mteja haiyapati, naye hajui kama kuna kitu amekikosa. Hilo naliona zito kuliko akiba yoyote.

Inafaa pia kujua fedha inanunua nini hasa. WordPress, mfumo wa kujengea tovuti ulioanza mwaka 2003, iko chini ya GPL, leseni huria inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza programu, na programu-jalizi zake nyingi za kulipia huifuata. Kwa hizo, idadi ya tovuti haikuzuii kutumia msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Kinachopimwa ni masasisho na msaada. Kwenye ThemeForest, soko la mtandaoni la mandhari za tovuti, kipimo ni kingine kabisa. Leseni yao ya Regular (ya kawaida) ni ya kazi moja ambayo watumiaji wake hawalipishwi kuingia. Wakilipishwa, unahitaji leseni ya Extended (pana zaidi). Duka la mtandaoni linalouza bidhaa linatosheka na Regular, kwa sababu mnunuzi analipia bidhaa. Tovuti ya masomo inayotoza ada kabla ya kufungua ukurasa haitosheki nayo.

Hata cha bure kina masharti. AGPL toleo la 3, la mwaka 2007, leseni huria ya jamii ya GPL, inasema ukiibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, uwape nafasi ya kupata msimbo wa toleo lako.

Kwa hiyo leseni kubwa naiunga mkono kwa anayeendesha tovuti zote mwenyewe, au mwenye mkataba wa matunzo unaotaja wazi nani analipia masasisho na nini kitafuata ukiisha. Kwa kazi ya kujenga na kukabidhi, leseni ya tovuti moja inunuliwe kwa jina la mteja, kwa baruapepe yake, tangu siku ya kwanza. Kabla ya kulipa, someni pamoja jinsi muuzaji anavyohesabu tovuti: wengine huchukulia kila kikoa kidogo (tawi la anwani kuu) kuwa tovuti inayojitegemea.