Gari Limeikataa Soketi

Haya, sisi wa Uganda tumeshaambiwa. Boda na mabasi yote yawe ya umeme ifikapo 2030, magari ya abiria 2040. Sawa, sisi raia watiifu. Tena tumelegezewa kodi: tangu 2024 anayetengeneza magari ya umeme, betri au vifaa vya kuchajia anasamehewa kodi ya mapato, mradi mgeni alete mtaji wa dola milioni 10. Raia tumeonewa huruma, kwetu dola 300,000 zinatosha, na ukijenga mikoani 150,000. Tarehe 30 mshahara ukiingia tutalifikiria.

Wasio na kiwanda wanabaki na Nissan Leaf, gari la umeme lililochoka Japani. Kabla hujalipa hesabu vistari vya betri kwenye dashibodi: vizima ni 12, na kimoja kikitoweka ujue uwezo kama asilimia 15 umekwenda. Leaf za mwanzo za Desemba 2010 ziache huko huko, sheria ya 2018 haitaki liingizwe gari lililotimiza miaka 15. Na tundu lake la kuchajia ni Type 1 kwa chaji ya polepole na CHAdeMO kwa ya haraka, wakati mashine utakayoikuta huenda ikawa na plagi nyingine, Type 2 na CCS2. Kebo ya Type 2 kwenda Type 1 ununue mwenyewe.

Basi umelifikisha nyumba ya kupanga, umechomeka, chaja inawasha taa nyekundu. Unamwita fundi.

“Ssebo, umeme upo. Taa si zinawaka?”

Unamwonyesha ile nyekundu. Anachomeka birika, maji yanachemka. Anachomeka pasi, inaunguza kitambaa cha meza. “Gari lako ndilo bovu, ssebo.” Na chai anainywa, maana maji yameshachemka.

Mweleze taratibu: birika haliulizi kitu, chaja inaipima athi kwanza, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, isipoiona haitoi umeme. Anafungua boksi kwa shingo upande. Waya wa kijani na njano upo! Mnaufuata ukutani, nje, hadi nyuma ya choo, mnaukuta umezungushwa kwa ustadi mkubwa kwenye bomba la maji. Bomba la plastiki! Miaka yote hiyo watu wanapiga pasi kwa kudra ya Mungu, na mwenye nyumba kodi anapandisha kila Januari!

Dawa ni fimbo ya shaba ya futi nne, igongwe penye unyevu, mkaa na chumvi kuizunguka, klempu ikazwe, kisha ipimwe. Kiangazi udongo ukikauka athi inadhoofika, mwagia maji.

Ekstensheni ikunjuliwe yote. Ikibaki imeviringwa, ampea 10 kwa saa 11 zitaipika. Betri ya kilowati-saa 24 inakula yuniti kama 27 kwa sababu ya upotevu, na Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, ikiwa ya pamoja, yuniti zitaisha na saa nane usiku jirani wa chumba cha tatu atakugongea akiwa na taulo kiunoni.

Sasa kuna mbuzi wa mwenye nyumba. Mzee ameiona fimbo, ameona ndiyo kigingi kizuri kuliko mti, mbuzi kafungwa pale. Anazunguka, anavuta, klempu inalegea, taa nyekundu inarudi. Ukimhamisha, mzee anatoka na kanzu: “Huyo mbuzi amekukosea nini?” Na chumvi ile ameshailamba yote.